Mfuko wa Kulalia wa Mtoto Nairobi: Togi Ngapi, Mwezi Gani, Saa Ngapi ya Usiku

Mfuko wa kulalia huvaliwa kama nguo. Una tundu la shingo, matundu mawili ya mikono, zipu, na chini umefungwa. Mtoto akipiga mateke usiku kucha hauanguki, na ukimkaa sawasawa haupandi ukamfunika uso. Kazi yake ni kuchukua nafasi ya blanketi. Anayemvika mtoto mfuko kisha akamtandazia shali na blanketi juu, pesa zake zimekwenda bure, na amerudisha hatari ileile ambayo mfuko ulikuja kuiondoa.

Shida ya mnunuzi wa Nairobi ni lebo. Mifuko mingi inayouzwa Biashara Street, Eastleigh au Toi imeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya: huu wa kiangazi, huu wa majira ya baridi. Huko nyumba ina mtambo wa kuipasha joto, kwa hiyo usiku wa Januari chumba hubaki kwenye nyuzi 18 au 19 hata nje kukiwa na theluji. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na nyumba zetu hazina mtambo wowote. Joto la chumba linafuata la nje, likichelewa saa chache tu. Ndiyo maana chumba kilekile kinaweza kuwa nyuzi 25 mtoto anapolala saa 2 usiku, na nyuzi 18 ifikapo saa 11 alfajiri. Kwa hiyo usichague mfuko kwa kuangalia kalenda peke yake. Chagua kwa kuangalia chumba, na ukiangalie zaidi ya mara moja kwa usiku.

Pima chumba kabla ya kununua chochote

Nunua kipimajoto kidogo cha chumba, kile cha kidijitali cha kuweka mezani. Kiweke kwenye kimo cha godoro la mtoto, mbali na dirisha, mbali na friji na televisheni, na kisigusane na ukuta wa nje. Kisha soma mara tatu: mtoto anapolazwa, saa 5 usiku unapoenda kulala mwenyewe, na saa 11 alfajiri, ambayo ndiyo saa ya baridi kali zaidi. Fanya hivyo usiku mitatu na uandike. Utashangaa tofauti kati ya nyumba mbili za mtaa mmoja.

Ghorofa ya juu kabisa iliyo chini ya paa la zege hunyonya jua mchana kutwa na kulitoa usiku. Februari chumba hicho huwa na fukuto hadi saa 5 usiku. Ghorofa ya chini iliyozibwa na jengo la jirani huwa na ubaridi mwaka mzima. Nyumba ya mabati hubadilika kwa kasi kuliko zote: mchana ni moto, lakini anga likiwa wazi usiku joto lote linatoroka, na alfajiri ndani kunakaribia kuwa sawa na nje. Nyumba ya mawe iko katikati.

Upande wa dirisha nao una neno. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita kusini. Chumba kinachotazama kusini hakipati jua hata kidogo wakati wa kipupwe. Kama una vyumba viwili vya kuchagua, mlaze mtoto kile cha kaskazini Julai. Na kama unaishi Limuru, Kikuyu au Ngong, usifuate ushauri wa rafiki aliye Embakasi au Syokimau. Huko kwao ni chini zaidi na kuna joto zaidi.

Togi ni nini, na inasomwaje

Togi ni kipimo cha jinsi kitambaa kinavyozuia joto lisipite. Kilibuniwa na watafiti wa nguo wa Shirley Institute, Manchester, miaka ya 1940. Namba ikiwa kubwa, joto la mwili linabaki ndani zaidi. Mifuko ya watoto huja kwa ngazi chache: 0.2 au 0.5 (kitambaa kimoja chepesi), 1.0 (vitambaa viwili, au kujazwa kidogo sana), 2.5 (umejazwa, unaminyika kati ya vidole) na 3.5 (mnene kabisa). Namba hiyo ni ya mfuko peke yake. Nguo za ndani zinaongeza juu yake, na hapo ndipo unapopata nafasi ya kurekebisha.

Anza na mpangilio huu, kisha urekebishe kwa mtoto wako:

- Zaidi ya nyuzi 26: togi 0.2 au 0.5, ndani nepi tu, au vesti isiyo na mikono.
- Nyuzi 24 hadi 26: togi 0.5 na vesti ya mikono mifupi.
- Nyuzi 21 hadi 23: togi 1.0 na vesti ya mikono mirefu au rompa nyepesi ya pamba.
- Nyuzi 18 hadi 20: togi 2.5 na rompa moja ya pamba, au togi 1.0 na vesti chini ya rompa.
- Nyuzi 16 na 17: togi 2.5, vesti, na rompa yenye miguu juu yake.
- Chini ya 16: togi 2.5, vesti, rompa nzito zaidi na soksi. Togi 3.5 inafaa tu kwa nyumba ambayo hukaa chini ya nyuzi 16 usiku baada ya usiku, kwa mfano Limuru mwezi Julai. Kwa Nairobi kwenyewe ni nadra kuihitaji.

Shirika la Uingereza la Lullaby Trust, linaloshughulikia usingizi salama wa watoto wachanga, hupendekeza chumba kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Hiyo ina maana kwamba usiku mwingi wa Nairobi ambao sisi tunauita wa baridi ni wa kawaida kabisa kwa mtoto aliyevalishwa vizuri. Kinachowadhuru watoto zaidi ni kuzidishiwa. Joto kupita kiasi na kichwa kufunikwa ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya mtoto mchanga kufa ghafla usingizini, na mtoto wa miezi 3 hana uwezo wa kujivua.

Kama pesa inatosha mfuko mmoja tu, nunua wa togi 1.0. Kukiwa na baridi unaweza kuuongezea vesti na rompa. Wa togi 2.5 usiku wa Februari huwezi kuupunguza. Pesa ikiongezeka, nunua wa 2.5 kabla ya Juni. Wa tatu uwe mwingine wa 1.0, kwa sababu nepi itavuja saa 9 usiku na utahitaji wa kubadilisha. Wa 0.5 ni wa mwisho kwenye orodha, isipokuwa unaishi ghorofa ya juu au kwenye mabati.

Mwaka wa Nairobi

Kiangazi, Januari hadi katikati ya Machi. Mchana hufika nyuzi 26 hadi 28, lakini usiku nje hushuka hadi karibu 13 au 14. Huu ndio msimu unaowachanganya watu. Mtoto analala saa 2 usiku chumba kikiwa na nyuzi 26, mzazi anamvika kitu chepesi, halafu saa 10 alfajiri mtoto anaamka analia na watu wanadhani ni njaa. Dawa yake ni kubadilisha katikati ya usiku. Mlaze na mfuko wa 1.0 akiwa na nepi tu, au wa 0.5 akiwa na vesti. Saa 5, anaponyonya kabla hujalala, mwongezee vesti ya mikono mirefu chini ya ule wa 1.0, au mtoe kwenye 0.5 umtie kwenye 1.0. Inachukua dakika 2 na watoto wengi hawaamki kabisa. Nyumba ya mabati inahitaji mabadiliko haya karibu kila usiku wa msimu huu. Nyumba ya mawe ya ghorofa ya chini mara nyingi haihitaji.

Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mawingu hupunguza tofauti ya mchana na usiku. Togi 1.0 inatosha siku nyingi, na nguo ya ndani ndiyo ya kubadilisha. Adha ya masika ni kukausha, na tutaifikia.

Kipupwe, Juni hadi Agosti. Nje usiku hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na kuna siku mchana haupiti 20. Chumba cha nyumba ya mawe hukaa kati ya 16 na 19 usiku. Hapa ndipo togi 2.5 inapofanya kazi yake, na hapa pia ndipo makosa yanapojaa, kwa sababu mtu mzima anahisi baridi kisha anamvika mtoto kadiri anavyohisi yeye. Shosho akija kutoka Nyeri Julai atamkuta mjukuu wake amevaa vesti, rompa na mfuko, na ataona hilo ni tusi. Ataongeza sweta, kofia ya uzi, soksi mbili na blanketi la sufu. Mweleze kwa heshima kwamba mfuko wenyewe ndio blanketi, na umshikishe mkono wake kifuani mwa mtoto saa 6 usiku ahisi mwenyewe joto lililomo. Hilo hushawishi kuliko maneno. Kofia ivuliwe ndani ya nyumba wakati wa kulala: kichwa ndicho mtoto anachotumia kutoa joto la ziada, na kofia ikiteleza inaziba pua.

Septemba ni mwezi wa kigeugeu. Weka mifuko yote miwili karibu.

Jiko la makaa halilali na mtoto

Hili halihusu mfuko moja kwa moja, lakini kila Julai ndilo linaloua. Jiko la makaa likiingizwa ndani kupasha chumba joto, madirisha yakiwa yamefungwa, hutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Makaa yakishaacha kutoa moshi watu hudhani yako salama. La, bado yanatoa gesi. Mfuko wa togi 2.5 na rompa vinakufanya usilihitaji jiko hilo. Hita ya umeme ina afadhali, lakini ina kasoro yake: inapandisha chumba hadi nyuzi 24, unamvika mtoto kulingana na joto hilo, kisha tokeni za umeme zinaisha saa 8 usiku na chumba kinaanguka. Pasha chumba kabla, izime mtoto anapolala, na umvike kwa ajili ya chumba kitakavyokuwa bila hita.

Chupa ya maji moto usiiache kitandani. Ukitaka kuondoa ubaridi wa godoro, iweke dakika 10 kabla, kisha uitoe, na uguse shuka kwa mkono kabla ya kumlaza mtoto.

Ukubwa: shingo kwanza, urefu baadaye

Wazazi wengi hununua mfuko mkubwa "ili akue nao". Kwa sweta hiyo ni akili; kwa mfuko wa kulalia ni hatari. Tundu la shingo likiwa pana, mtoto huteleza ndani na uso wake huishia chini ya kitambaa.

Kabla ya yote, uzito. Mifuko mingi haipaswi kutumiwa na mtoto aliye chini ya kilo 4. Soma lebo, kwa kuwa wachache hutengenezwa kwa watoto wadogo zaidi. Huhitaji kukisia: angalia kijitabu cha kliniki, uzito wake umeandikwa humo. Watoto wengi waliozaliwa kwa muda wao hupita kilo 4 kabla ya kliniki ya wiki ya 6. Kabla ya hapo tumia blanketi moja jepesi la pamba, lipite chini ya kwapa na lichomekwe pande zote chini ya godoro, mtoto akilazwa miguu ikigusa mwisho wa kitanda ili asiteleze chini.

Sasa mjaribu, zipu ikiwa imefungwa na vifungo vyote vimebanwa:

Shingoni, kidole kimoja kipite kati ya kitambaa na shingo, viwili kwa kubana. Ukiweza kuuvuta mfuko kutoka mabegani hadi ukapita kidevuni, ni mkubwa, urudishe dukani.

Kwapani, tundu limkae karibu na bega. Kama mkono wa mtoto unaweza kurudi ndani kwa urahisi, tundu ni pana mno. Mifuko mizuri ina vifungo vya kubana kwapani na mabegani vyenye ngazi mbili, ili uipunguze kwa miezi ya mwanzo.

Urefu, mlaze chali, pima kutoka begani hadi kisigino, kisha ongeza sentimita 10 hadi 15. Mtoto wa sentimita 50 kutoka bega hadi kisigino anahitaji mfuko wa 60 hadi 65. Mifuko ya Ulaya bara huandikwa urefu, kwa kawaida 70, 90, 110. Ya Uingereza huandikwa miezi, 0–6, 6–18, 18–36. Namba za miezi zichukulie kama makadirio tu. Ukilazimika kuchagua kati ya mfuko uliopungua shingo na uliozidi urefu kidogo, urefu ukizidi kidogo hauna madhara mradi shingo inakaa.

Chini, nyonga na magoti viwe na nafasi ya kukunjika na kutanuka kama vya chura. Mfuko uliobana miguu ikanyooka pamoja si mzuri kwa viungo vya nyonga.

Usinunue ulio na kofia. Madukani mjini kuna mifuko mizuri kwa macho, ya manyoya laini, yenye kofia na masikio ya dubu, inayofungwa kwa velkro au zipu hadi shingoni. Hiyo ni ya kumbebea mtoto barabarani kutoka hospitalini hadi nyumbani. Haina matundu ya mikono, kofia yake inaweza kuangukia uso, na manyoya yake ya poliesta hayapumui. Mtoto asiachwe kulala humo usiku. Vilevile epuka mifuko iliyotiwa shanga au uzito kifuani: Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kilishauri isitumiwe kabisa. Kamba, riboni na vifungo vya kushonwa ambavyo mtoto anaweza kung'oa na kumeza, pia hapana.

Ukinunua mitumba

Mifuko mizuri kabisa ya pamba hupatikana Toi na Gikomba, ndani ya mabunda ya nguo za watoto, mara nyingine kwa wauzaji ambao hawaijui ni ya nini na wanaiuza kama nguo ya kawaida. Chukua muda kuikagua.

Anza na lebo ya ndani. Tafuta neno TOG na namba. Ukiona BS 8510 au EN 16781, mfuko ulitengenezwa kufuata viwango vya usalama vya mifuko ya watoto, kile cha Uingereza cha 2009 na kile cha Ulaya cha 2018. Mifuko ya Ujerumani, iliyoandikwa Schlafsack, mara nyingi haina togi; hapo tumia vidole. Kitambaa kimoja unachoweza kuona mwanga kupitia kwake ukikiinua juani, kihesabu 0.5 au chini. Viwili bila kujazwa, kihesabu karibu 1.0. Ukiminya na kuhisi sponji katikati, kihesabu 2.5. Ukiwa na shaka kati ya ngazi mbili, chukulia ni ile ya juu, umvike mtoto nguo chache ndani, kisha umwangalie.

Lebo ya togi nayo isikufumbe macho. Kuna mifuko mipya ya bei nafuu iliyoandikwa 2.5 lakini ni myepesi kuliko fulana mbili. Mkono wako utakuambia ukweli.

Fungua na ufunge zipu mara kadhaa. Inayokwama dukani itakwama saa 9 usiku. Juu kabisa pawe na kijikitambaa cha kufunika ncha ya zipu isimkwaruze kidevu. Bana kila kifungo. Kinachoachia ukikivuta polepole hakifai, kwa sababu bega likifunguka shingo inapanuka. Shika mfuko dhidi ya mwanga uone kama kujaza kumejikusanya chini na kuacha mapengo juu; huo hauna tena joto unalodai. Nusa. Harufu ya ukungu haiondoki kirahisi.

Nyumbani, ufue kwa joto la juu kabisa ambalo lebo inaruhusu, uusuuze mara mbili, na uukaushe juani hadi ukauke kabisa kabla ya kuutumia.

Kumpa fundi kazi

Fundi wa mtaani anaweza kushona mfuko wa 0.5 au 1.0 vizuri kabisa, kwa kitambaa cha Biashara Street. Omba pamba ya fulana inayonyumbuka kidogo, au flaneli kwa ule wa joto zaidi, vitambaa viwili. Flisi usitumie: haipitishi jasho vizuri, na ikikaribia moto inayeyuka.

Mpe fundi vipimo hivi: urefu kutoka bega hadi kisigino na sentimita 12 juu yake, mzunguko wa shingo pamoja na upana wa kidole kimoja, mzunguko wa bega kwapani na sentimita 4, upana wa chini uzidi wa kifuani kwa theluthi moja. Zipu iwe ya plastiki, ipite ubavuni au katikati, na ifungwe kuelekea chini, ili mtoto akishajua kuichezea asifikie kishikio. Zipu ya katikati inayofunguka kutoka chini hurahisisha kubadilisha nepi bila kumtoa mikono. Mishono ya ndani ifunikwe. Kosa linalojirudia kwa mafundi ni kulegeza shingo kwa kuhofia mtoto atabanwa. Rudia kipimo hicho mara mbili, na ujaribu kabla ya kulipa salio. Wa togi 2.5 ni afadhali kuununua tayari. Kujaza kwa mkono huteleza baada ya kufuliwa mara chache, isipokuwa fundi akishone kwa mistari ya kila sentimita 10, na kwa bei hiyo utakuwa umepata wa dukani.

Usiku wenyewe

Mlaze chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, lenye shuka moja iliyobana. Mto, duveti, vikaragosi na zile godoro ndogo za kuzunguka kitanda vitoke. Neti inaruhusiwa, ila ichomekwe vizuri na isimlalie. Mfuko humkinga miguu na mbu lakini mikono iko nje.

Kujua kama ana joto sawa, ingiza vidole viwili kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na joto na pakavu, ni sawa. Pakiwa na unyevu, nywele zimelowa au ana harara shingoni, mvue nguo moja ya ndani. Kifua kikiwa baridi, mwongezee moja. Viganja na nyayo visikudanganye: kwa mtoto mchanga huwa baridi hata mwili ukiwa na joto la kutosha, na ndivyo vinavyowafanya wengi kuongeza nguo bila sababu.

Usiku wa baada ya chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 mtoto anaweza kupanda joto. Shuka ngazi moja ya togi au umwachie vesti tu, na homa ikizidi au akikataa kunyonya mrudishe kliniki.

Kama mtoto hulala kitanda kimoja na mama, mambo hubadilika. Mwili wa mtu mzima ulio kando yake ni chanzo cha joto, na duveti yenu ikimfunika juu ya mfuko wa 2.5 atachemka. Kitanda chake mwenyewe ndani ya chumba chenu ni bora, kwa miezi 6 ya mwanzo angalau. Asiyekuwa na nafasi hiyo amvike mtoto mavazi mepesi, bila mfuko mzito, na matandiko ya watu wazima yasimfikie. Kwenye sofa asilale na mtu kamwe.

Mfuko usichanganywe na kumfunga mtoto kwa shali mikono ikiwa ndani. Kufunga huko kukome mara tu anapoanza kujaribu kugeuka, mara nyingi kati ya miezi 3 na 4. Mfuko wenye mikono nje unachukua zamu kuanzia hapo. Kwenye gari, mfuko huvuliwa kabla ya kufunga mikanda ya kiti cha mtoto, kwa sababu unene wake huacha mkanda ukiwa umelegea.

Anayemlaza mtoto mara nyingi si mzazi. Dada wa nyumbani akikabidhiwa mifuko mitatu bila maelezo atachagua ulio karibu. Bandika karatasi ukutani karibu na kipimajoto yenye mistari mitatu: nyuzi, mfuko, nguo ya ndani. Kushona uzi wa rangi kwenye pindo, mwekundu kwa 2.5 na bluu kwa 1.0, husaidia zaidi gizani.

Kufua na kukausha

Funga zipu, geuza ndani nje, fua kwa maji ya nyuzi 40. Jik huharibu pamba na kuchakaza zipu. Wa togi 1.0 hukauka kwa saa chache kukiwa na jua, wa 2.5 Julai, kwenye kamba ya balkoni, unaweza kuchukua siku 2. Usiuning'inize kwa mabega ukiwa umelowa, maji yatashusha kujaza chini. Uulaze juu ya kamba mbili, au juu ya kitu cha kuanikia, ukigeuza. Kabla ya kuuvisha minya katikati, si juu tu. Nje huwa pakavu wakati ndani bado pana unyevu, na mfuko wenye unyevu humpoza mtoto. Kuukausha juu ya jiko huishia kwa harufu ya moshi au tundu lililoyeyuka.

Mtoto akianza kusimama na kutembea kitandani, mfuko uliofungwa chini humwangusha. Nunua wenye miguu miwili na nyayo wazi, na ukunje pindo ili asilikanyage. Wengine hukataa mfuko wakishafika miaka miwili; hapo rompa nzito na blanketi moja vinatosha.